Vitabu Vilivyosubiri Kwenye Kigoda

Fundi alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilikaa dirishani, penye mwanga. Kushoto kwake palikuwa na rafu ya vitabu alivyokwisha kusoma. Kulia, juu ya kigoda, vilikaa vitabu vinavyosubiri zamu.

Fundi alipenda hadithi za mambo yasiyokuwepo duniani. Mwezi ule alikuwa amemaliza kitabu cha watu waliohamia kwenye sayari ya mbali, wakasahau kubeba mbegu za vitunguu. Kabla ya hicho alisoma habari za mchawi aliyeuza mvua kwa mita, kama kitambaa. Hicho kilimchekesha sana. Kwenye kigoda kulikuwa na cha malkia aliyeazimisha kivuli chake. Chini yake kilikaa kitabu kinene cha roboti aliyeogopa giza.

"Hicho kinene nakiweka akiba," alimwambia binti yake. "Nitakisoma nikipumzika kazi."

Mkewe alikaa karibu naye, akishona vifungo. Siku moja Fundi aliinuka, akajigonga kwenye fremu ya mlango.

"Huyo, ameshaondoka!" mkewe alisema. "Baba watoto, ukirudi kutoka huko sayarini, utuletee chumvi."

Wote walicheka. Fundi mwenyewe alicheka, huku akisugua bega.

Baadaye alipindua kikombe cha chai. "Yuko sayarini," walisema. Akapapasa mkasi uliokuwa karibu na mkono wake. "Bado hajatua," walisema. Utani huo ukawa wa nyumbani. Hata wateja waliuzoea. Mwaka ukapita hivyo.

Siku moja jirani yao alikuja kujaribu sare yake mpya. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Fundi alikuwa akitafuta kitu huku na huku.

"Nani kahamisha vitabu vyangu?"

"Viko palepale, Baba," binti yake alisema.

"Palepale wapi?"

Kigoda kilikuwa kulia kwake, karibu kumgusa. Binti alicheka. Muuguzi hakucheka.

"Fundi, kaa kidogo," alisema. "Ziba jicho la kushoto. Nitazame puani. Usigeuze kichwa. Ukiona kidole changu kinacheza, sema."

Alinyoosha mkono pembeni, akachezesha kidole. Fundi alinyamaza. Muuguzi alikisogeza kidogo kuelekea mbele. Fundi bado alinyamaza.

"Kinacheza, jamani!" mkewe alisema.

"Wapi?" Fundi aliuliza.

Hapo hakuna aliyecheka.

"Lakini huyu anasoma herufi ndogo kama sisimizi!" mkewe alisema. "Macho yake yatakuwaje mabovu?"

"Ndivyo wengi wanavyochelewa, dada," Muuguzi alijibu. "Huenda ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi. Mara nyingi inaanza kula pembeni, na katikati panabaki pazuri. Mtu anasoma, anatunga uzi kwenye sindano, anajiona mzima. Lakini mimi siwezi kuthibitisha kwa kidole. Kesho aje kliniki apimwe."

"Ni hivi vitabu vyake vimemharibu?"

"Hapana. Kusoma hakuleti ugonjwa huu. Usivionee vitabu."

Huko kliniki, daktari alipima presha ya macho, kisha akachungulia ndani kwa taa. Ilikuwa kweli. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo ilikuwa imeumia, hasa ya jicho la kulia.

"Utatia matone haya kila siku, maisha yako yote," daktari alisema. "Usiache hata ukijisikia vizuri. Yanalinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi."

"Hata nikizidisha matone?"

"Hata ukimaliza chupa nzima, mzee wangu."

Fundi alikunja mikono mapajani. "Marehemu baba yangu alikuwa anatembea ameshika ukuta," alisema. "Tulisema ni uzee."

"Basi ndugu zako na watoto wako nao wapimwe," daktari alisema. "Ugonjwa huu hupita katika familia. Wasingoje kuona vibaya."

Njiani mkewe alimshika mkono upande wa kulia.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima mimi nakuagiza chumvi."

"Hata mimi nilicheka, mama watoto."

"Wewe ulikuwa huoni. Mimi nilikuwa naona."

Fundi aliubana mkono wake.

Wiki ileile binti alikwenda kupimwa. Alikuwa anaona vizuri kabisa, hata pembeni. Lakini presha ya macho yake ilikuwa juu, na dalili za mwanzo zilikuwepo. "Umewahi," daktari alimwambia, akampa matone. Kila aliporudi kupimwa, hali ilikuwa ileile. Hakupoteza kitu. Baba yake mdogo, ndugu wa Fundi, naye alipimwa, akaambiwa yuko salama, arudi tena mwakani.

Matone yalilinda uoni uliobaki wa Fundi. Aliendelea kutembea mwenyewe na kuzitambua nyuso za watu wake. Lakini ukurasa ulimchosha upesi. Cherehani akamwachia mkewe, mapema kuliko alivyopanga. Kigoda walikihamishia mbele yake, mahali anapokiona.

Kitabu cha malkia alikisoma mwenyewe, polepole, kurasa chache kwa siku. Kile kinene kilimshinda.

"Nilikiweka akiba," alimwambia binti yake. "Macho sikuyafikiria."

Binti alikichukua. Tangu hapo, kila jioni baada ya kazi, alimsomea kwa sauti. Mama yake alisikiliza huku akishona vifungo. Mara nyingine aliuliza, "Sasa huyo roboti analala wapi?" Ule utani wake wa zamani hakuurudia tena.

Jioni moja binti aliinuka kuwasha taa, kitabu kikiwa wazi mkononi, macho yake yakiwa kwenye mstari. Akagonga kigoda kwa goti. Vitabu vikaanguka. Mama aliacha kushona.

"Macho au sayari?" Fundi aliuliza.

"Sayari, Baba."

"Matone umetia leo?"

"Nimetia."

Fundi alishusha pumzi, akaegemea kiti.

"Haya, washa taa, uendelee. Roboti tulimwacha gizani."