Jina la Mtoto wa Jumapili

Kila asubuhi kabla ya shule, Abena alifagia ua, akachota maji na kumwashia mama yake jiko la mkaa. Kazi zikiisha ndipo alipochukua mpira wake na kupiga danadana karibu na ukuta wa jikoni. Mdogo wake, Yaa, alimhesabia kwa sauti.

"Mguu wako wa kushoto bado umelala," Yaa alisema mpira ulipoanguka. "Uamshe kwanza."

"Na wako umeamka tangu lini?"

"Wangu haulali kabisa."

Ilikuwa kweli. Abena alikuwa na miaka kumi na minne na Yaa kumi na mmoja, lakini mguu wa kushoto wa Yaa ulikuwa na akili kuliko miguu yote ya mtaa wao wa Biadan.

Mjomba wao, kaka wa mama, aliketi mlangoni amenyoosha goti lake bovu. Mji mzima wa Berekum ulimjua: Kwasi Donkor, kiungo aliyechezea timu ya mji kisha akaenda Ubelgiji, akarudi anachechemea. Mama yake mzazi peke yake, Bibi wa watoto hawa, ndiye aliyemwita Kofi. Abena hakuuliza kwa nini. Katika nyumba ile jambo hilo halikuulizwa.

Alikuwapo na mjomba wa pili, mdogo wa huyu, fundi wa kuziba pancha karibu na stendi. Naye aliitwa Kwasi Donkor. Watu hawakushangaa, kwa kuwa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumapili ni Kwasi, na nyumba moja yaweza kupata wawili. Walitania tu: "Kwasi wa mpira anafunga, Kwasi wa pancha anaziba." Wa mpira alicheka. Wa pancha hakucheka, wala hakukanyaga ua ule kaka yake akiwa nyumbani.

Jioni moja alikuja Kocha Opare, aliyewafundisha wasichana wa mtaa.

"Abena, mashindano ya Kumasi ni ya walio chini ya miaka kumi na mitatu," alisema. "Shule ya bweni itachagua wasichana wawili, itawasomesha bure. Yaa bado hana nguvu. Wewe unazo, na mwili wako mdogo, hakuna atakayejua. Ukifika huko, wewe ni Yaa."

"Na mimi nitaitwa nani?" Yaa aliuliza.

"Wewe utaitwa chakula kikiiva," kocha akajibu, akacheka peke yake.

"Lakini mwakani na mimi nataka kucheza."

"Mwakani tutaona."

Abena alimtazama mjomba wake. Huyu ndiye aliyeujua mpira, na neno lake katika nyumba ya dada yake lilikuwa la mwisho. Mjomba alipapasa goti, macho yake chini.

"Kocha anajua kazi yake," alisema.

Basi Abena akakubali. Alfajiri iliyofuata alipiga danadana peke yake. Yaa alikuwa ndani, amegeukia ukuta.

Siku chache baadaye, Kwasi wa pancha alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akafariki. Redio ya mji ikatangaza kwamba Kwasi Donkor wa Biadan ameaga dunia na kwamba matanga ni Jumamosi. Tangazo halikusema ni Kwasi yupi. Bibi alimwambia mwanawe mkubwa aende redioni akaeleze. Alisema ataenda. Hakwenda.

Jumamosi maturubai yalifungwa, ndugu wakaketi kwa safu na nguo zao nyeusi na nyekundu. Kocha Opare alikuwapo. Jeneza lilipotolewa kanisani kuletwa uani, zilisikika ngoma barabarani. Watu wakaingia wamevaa jezi za kijani za timu ya mji, kutoka miji ya jirani, Sunyani na hata Dormaa, wanalia na kuimba nyimbo za uwanjani. Mzee mmoja alibeba jezi kuukuu kuiweka juu ya jeneza.

Kisha akamwona marehemu wake ameketi safu ya mbele, yu hai.

"Kwasi?" mzee alisema. "Sasa tumekuja kumlilia nani?"

Nyimbo zikakatika. Mmoja alicheka, akanyamazishwa. Wengine wakaanza kugeuka kuondoka, maana fundi wa pancha hakuwa msiba wao.

Ndipo Bibi aliposimama. Hakupaza sauti.

"Kofi," alisema, "leo namzika mwanangu. Nataka nimzike na jina lake. Mrudishie."

Mjomba alisimama kwa shida. Akachechemea hadi kwenye jeneza.

"Mimi ni Kofi," alisema. "Nilizaliwa Ijumaa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita timu ya vijana ya mji ilitaka wavulana wa chini ya kumi na minne. Nikachukua jina la huyu na umri wake. Mwaka uliofuata yeye alipokwenda kujiandikisha, waliniita nimtazame. Wakamwambia Kwasi Donkor tunaye tayari, wewe ni nani? Nilikuwa nimesimama pale. Sikusema kitu."

Akashika ukingo wa jeneza.

"Walimshauri atumie jina langu. Alikataa, akasema yeye ni mtoto wa Jumapili. Akaenda kujifunza pancha. Alikuwa anacheza vizuri kuliko mimi. Kila mliponishangilia, mlikuwa mnamwita yeye, naye yuko stendi anawasikia kwenye redio. Na nilipochoka mapema mkasema mimi mvivu. Miguu ilikuwa na umri wake wa kweli."

Yule mzee aliitazama jezi mikononi mwake. Mwisho aliiweka juu ya jeneza, lakini hakumpa Mjomba mkono, na alipoondoka hakuaga.

Abena alimtafuta Yaa, akamwona nyuma ya turubai anavunja vijiti. Akaenda moja kwa moja kwa kocha.

"Kocha, mimi ni Abena. Kumasi siendi."

"Usiniletee mambo ya matanga," kocha alinong'ona. "Unadhani shule itakuja kukugongea mlango?"

"Haitakuja. Najua."

"Basi utauza nyanya na mama yako."

"Nitauza. Mchukue Yaa mwenyewe."

Kocha alimchukua Yaa kwa hasira, kwa kuwa alipungukiwa mchezaji. Huko Kumasi Yaa alikaa benchi, akaingia dakika za mwisho za mechi moja tu, na shule ikachagua wengine. Alirudi na soksi chafu, na jina lake. Abena alizifua soksi zile, na machozi yalimtoka, maana nafasi ile aliitaka sana.

Mjomba alimkuta pale bombani.

"Unalilia shule," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Lia. Ni haki yako. Nilipaswa kukukataza siku ile, nikaogopa. Lakini sikiliza, kisha umwambie na Yaa. Nafasi uliyoikosa kwa ukweli itakuuma, kisha utatafuta nyingine. Niliyoipata mimi kwa uongo niliila miaka mingi, na aliyelala njaa alikuwa ndugu yangu. Nilidhani wakati wa kumwomba radhi upo. Sasa namwomba Mungu, maana mwenyewe hanisikii."

Tangu siku hiyo alimwambia kila mtu amwite Kofi. Wengi walisahau. Asubuhi Yaa na Abena walipopiga danadana kwa zamu, watoto wa shule walipita nje ya ua wakipiga kelele, "Kwasi! Kwasi Donkor!"

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa. Hakugeuka.