Eda Inaisha Leo, Baba Nasri

"Tazama mlango huu, Mama Nasri! Nakshi zake bado zipo zote."

"Nauona," nikamjibu.

Ulikuwa mlango wa saba Uweso kunionyesha tangu tushuke basi la Tanga. Mimi sikuja Pangani kuhesabu milango ya mji mkongwe.

Miezi mitatu nyuma, alinitamkia talaka moja, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Kwa umri wangu eda ni miezi mitatu, na yangu inaisha leo jua likizama. Akitamka kabla ya hapo kwamba amenirejea, mimi ni mkewe. Asipotamka, nafungasha virago, natoka nyumbani kwake Makorora.

Kosa langu? Mitumba iliporuhusiwa miaka hii ya themanini, nilitandika nguo barazani nikauza. Yeye alikuwa karani wa duka la ushirika, duka lililobaki rafu na buibui tu, lakini akaona nimemwaibisha.

Leo kaniamsha alfajiri: "Vaa, twende Pangani." Ndiko alikoniona mara ya kwanza, kwa shangazi yangu. Moyo ukanidunda. Nikajua ananirejea. Kumbe milango!

Tukafika kwenye nyumba ya shangazi. Roshani imeanguka, mpapai umeota ukutani. Uweso akanimegea muhogo wa kuchoma, kipande kikubwa akanipa mimi.

"Saa tisa na nusu hii," nikasema. "Basi linaondoka saa kumi."

"Basi twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akashangaa kweli. "Kwetu! Si nimekurudisha? Nimekutembeza kutwa, mkoba nimekubebea. Na shati hujaliona?"

Nikalitazama. Lahaula! Kifungo cha tatu chekundu. Shati la mitumba yangu! Kifungo nilikishona mwenyewe, nikamuuzia jirani yetu Saleha.

"Saleha nilimtuma mimi alinunue," akasema, macho chini. "Nimelivaa ujue sina kinyongo."

Machozi yakanilengalenga. Na hasira nazo zikapanda.

"We mwanamume! Shati halirejei mke. Mkoba haurejei mke. Mdomo uliotoa talaka ndio unaorejea. Ungeacha jua lizame hivihivi?"

Rangi ikambadilika. Ng'ambo ya mtaa, mzee Murtaza mwenye duka alikuwa anampimia mteja chumvi. Uweso akawaendea mbio, mkoba wangu begani.

"Asalaam aleikum! Nishuhudieni, jamani!" Akanigeukia. "Mwamvua binti Mselem, nimekurejea katika ndoa yangu. Na nilikukosea."

"Tumeshuhudia," wakajibu, chumvi bado kwenye mizani.

"Na baraza langu?" nikauliza.

"Lako. Robota la mitumba likija Alhamisi, nitalibeba mimi mchana kweupe, Makorora nzima inione."

Nikalia palepale barabarani, mtu mzima mimi. Basi likapiga honi. Uweso akaninyooshea mkoba.

"Ubebe," nikamwambia. "Hatujafika nyumbani."