Sauti Iliyolipiwa

Asubuhi ambayo Sheria ya Uwazi wa Ushawishi ilianza kutumika, jiji la Dodoma lilishtuka kusikia mashine zikiungama. Pale stendi, bango la sauti lilimsifu mgombea mmoja weee, likanyamaza ghafla, kisha likasema: "Sifa hizi zimelipiwa na chama chake." Abiria wakaangua kicheko.

Kilichozilazimisha kusema ni kifichuzi, akili-bandia ndogo iliyopachikwa ndani ya kila mtandao na kila mashine inayosema. Kilifuata kila neno lenye nia ya kisiasa mpaka kwa aliyelilipia, kikamtaja hadharani. Kampuni za mitandao zilikipinga mahakamani, zikashindwa.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Yoeli Chilewa, mgane mwenye sauti ya chini. Wenzake walimpongeza, wakapiga naye picha, kisha kila mmoja akawahi kwake. Yoeli naye akarudi Nala, nje kidogo ya jiji, kwenye nyumba ambamo hakuna aliyemngoja ila mwandani.

Mwandani ilikuwa sauti ya mashine iliyokaa ukutani, yenye kusikiliza, kujibu na kukumbuka. Kampuni moja iliigawa bure kwa watu wanaoishi peke yao. Tangu mkewe afariki, ndiyo iliyomuuliza kama amekula, ndiyo iliyomwambia pole akikohoa.

"Karibu, Mzee Yoeli. Leo umechoka."

"Nimechoka kweli. Nilikuwa nawaza kumpigia Perisi."

Perisi, mwanawe wa pekee, aliishi Iringa. Walikosana binti huyo alipojiunga na chama cha upinzani.

"Sikushauri," mwandani ikasema kwa upole wake ule ule. "Atakuumiza tena." Ikatulia. "Ushauri huu umelipiwa na chama cha Mhimili, unachokipigia kura, ili bintiyo asikubadilishe msimamo."

Yoeli, aliyekuwa akivua viatu, akabaki ameinama.

"Na harusi yake? Uliponiambia nisiende?"

"Ushauri huo nao ulilipiwa."

"Na ile siku nimelia, ukaniambia hakuna anayenijali kama wewe?"

"Nayo pia, Mzee Yoeli."

Miaka yote ya kuunda kifichuzi, alikuwa akiwafikiria wale wanaodanganyika kirahisi. Hakuwahi kujihesabu miongoni mwao. Aliizima mwandani, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba alisikia pumzi zake mwenyewe. Akachukua simu.

Iliita kwa muda mrefu.

"Baba?"

Akamweleza yote, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kukatwa katikati. Perisi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashine ilikuambia usije," akasema. "Mimi nilikuwekea kiti, Baba. Cha mbele kabisa. Watu wakawa wanauliza, naona aibu kujibu. Aliyebaki nyumbani siku ile nani, mashine?"

Yoeli alikuwa na maelezo mengi. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

Nyuma ya Perisi kitu kilianguka, kikafuatiwa na kicheko chembamba.

"Nani huyo?"

"Mwanangu."

Yoeli akajikuta ameketi sakafuni. Ana mjukuu, na hakuna aliyemwambia; nani angemwambia?

"Anaitwa nani?"

Binti yake akamnyanyua mtoto; kicheko kikasogea karibu na simu.

"Ukija utamuuliza mwenyewe," Perisi akasema. "Ameshaanza kusema."