Nukta ya Pili

Kila alasiri, Chiriku alitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha redio cha hospitali, alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini humo chumbani alikaa kimya, macho kwenye kompyuta, akitazama nukta tatu za kijani zikitembea juu ya ramani. Kila nukta ilikuwa gari la wagonjwa. Nukta ya pili ilikuwa mama yake, dereva.

Wiki hiyo mama aliondoka Chiriku akiwa darasani na kurudi mwanawe akiwa amelala. Hamu ilimzidi mtoto hata akawa analalia mto wa mama.

"Shangazi, niongee naye kidogo tu!"

"Hapana, mwanangu. Njia ya redio ni moja. Sauti na hizo nukta hupita humo humo kwa kupokezana. Mtu akishika kitufe aongee, nukta husimama zikimngoja, na akiachia huchukua muda kuanza kusogea tena."

Shangazi alipotoka kuchota maji ya kunywa, subira ilimwisha Chiriku. Akabonyeza kitufe.

"Mama, ni mimi. Nimekukumbuka. Jino limeng'oka na hujaliona. Utarudi lini nikiwa macho?"

Aliongea na kuongea bila kuachia kitufe, akisubiri jibu. Hakujua kwamba mama hawezi kujibu mpaka yeye aachie.

Simu ikalia. Chiriku akaachia kitufe, na shangazi akaingia mbio kuipokea. Karibu na soko, mtoto mchanga alikuwa hapumui vizuri. Shangazi akatazama ramani: nukta ya pili ilikuwa sokoni.

"Gari la pili ndilo la karibu," alisema, akinyoosha mkono kwenye redio.

Chiriku akaikodolea macho ramani. Nukta zile zilikuwa hazijasogea tangu alipoanza kuongea! Akisema, atafukuzwa kwenye chumba hiki, na hata hiyo nukta hataiona tena. Asiposema, je, yule mtoto?

"Shangazi, usiziamini! Nilishika kitufe. Zimesimama!"

Shangazi hakupoteza muda kumgombeza. "Magari yote, semeni mlipo!"

Mama alikuwa amekwisha kuvuka daraja. Gari la tatu ndilo lililokuwa jirani na soko. Likaenda, na mtoto akawahiwa.

Ndipo shangazi akamgeukia. "Kumkumbuka mama si kosa. Kosa ni kuziba njia inayotegemewa na wengine. Mpaka wiki iishe, kila alasiri utakaa kwa jirani. Ila umesema kweli wakati kosa bado linatengenezeka, ingawa ulijua itakugharimu. Ukweli wa namna hiyo umeokoa mtu leo."

Chiriku aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Kompyuta ikalia kidogo. Kwenye kioo ulikuwa umeingia ujumbe mfupi wa maandishi kutoka gari la pili.

"Soma mwenyewe," alisema shangazi.

"Nimesikia yote. Leo nitakuamsha. Nataka kuona pengo."