Mtu wa Mstari wa Tisa

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, wodi ya wazazi ilipoteza wagonjwa wake wote ishirini na sita. Wenyewe walikuwa vitandani mwao, wanaguna na kulalamika kama kawaida. Kilichopotea ni majalada yao. Kila kompyuta ya hospitali iligoma, na mkunga mmoja akawa anapiga kelele aambiwe kundi la damu la mama aliyekuwa mbele yake. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Baada ya dakika kumi kompyuta zikafunguka zenyewe. Mama akapata damu, mtoto akalia, na mkurugenzi akaita polisi.

Aliyekuja ni Inspekta mmoja mwanamke, mfupi, ambaye wenzake kituoni walimwita Mama Kwanini. Walimwita hivyo kisogoni, naye alijua. Kompyuta alizijua kama mtu anavyomjua jirani wa ghorofa ya juu, kwa kelele tu. Lakini watu aliwajua vizuri.

"Mshukiwa tunaye," mkurugenzi alisema. "Ni msimamizi wetu wa seva. Aliyeingia alitumia akaunti ya msimamizi, na msimamizi ni yeye peke yake. Tena amefuta sehemu ya kumbukumbu za seva, zinazoonyesha nani kaingia na kafanya nini! Nimeshamsimamisha kazi. Nataka ashtakiwe."

Msimamizi alikuwa binti wa miaka ishirini na saba hivi, amejikunyata ndani ya sweta. Chumba chake kilikuwa na meza, skrini mbili na mmea uliokuwa hoi kwa kiu. Seva yenyewe, kompyuta kuu inayotunza majalada, haikuwepo hapo. Ilikaa mji mwingine, na yeye aliiendesha kwa mbali, kwa kuandika amri.

"Ni wewe?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande."

"Kumbukumbu ulifuta wewe?"

"Ndiyo. Mstari mmoja."

"Uliandikwa nini?"

"Hilo sisemi."

"Unajua umekalia kuti kavu?"

"Najua."

Inspekta akavuta kiti. Watu wanaodanganya huwa na maneno mengi, na huyu alikuwa nayo machache mno.

"Basi nisomee yaliyobaki. Polepole, kama unamsomea mtoto."

Binti akageukia skrini. "Saa tatu na dakika mbili, ameingia. Ameangalia nafasi iliyobaki kwenye diski. Amefuta mafaili ya muda yaliyokuwa yamejazana. Ameangalia nakala rudufu za jana, akachukua faili moja, akalirudisha mahali pa majaribio aone kama linafunguka."

"Kwa nini?"

"Nakala ambayo hujaijaribu huna hakika nayo. Wengi wanagundua siku mambo yameshaharibika."

"Mwizi gani huyu, anayehakikisha kwanza kwamba mali yako iko salama?"

Binti akaendelea. "Saa tatu na nusu kasoro dakika moja, ametoa amri ya kungoja. Zikipita dakika kumi, kila kitu kirudi kilivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anataka kugusa kufuli la mlango wa seva, naye yuko mbali. Ukikosea kufuli ukiwa mbali, umejifungia nje, na dirisha la kupandia hakuna. Kwa hiyo unaweka kwanza amri ya kukuokoa."

"Kila msimamizi anafanya hivyo?"

"Waliofundishwa vizuri."

"Endelea."

"Hapa amefungua orodha ya funguo. Kila mtu na kila kompyuta inayoruhusiwa kuingia ina ufunguo wake, mstari mmoja mmoja. Kwenye mstari wa tisa ameandika maneno pembeni." Sauti ya binti ikapungua. "'Huyu alishastaafu. Hana kazi humu. Afutwe.' Kisha akakosea. Badala ya kufuta mstari mmoja, akafuta orodha yote. Ikawa hakuna anayeruhusiwa."

"Na zile dakika kumi zikatuokoa."

"Ndiyo. Lakini ukimaliza, unatakiwa ujaribu mlango. Ukifunguka, ndipo unaifuta amri ya kungoja. Huyu hakujaribu mlango. Aliondoka tu."

"Kwa nini?"

"Nadhani," binti alisema, "nadhani alisahau."

Machozi yakamtoka. Inspekta akampa leso, akangoja.

"Mstari wa tisa ni ufunguo wa nani?"

"Wa mwalimu wangu. Aliyekuwa msimamizi kabla yangu."

"Na hii amri ya kungoja, nani alikufundisha?"

Binti akaikunja leso mara nne.

"Ukinyamaza unasema mengi sana, binti yangu," Inspekta alisema, akainuka. Mlangoni alirudi, akaumwagilia mmea maji.

Kesho yake, saa tatu kasorobo, alibisha hodi kwenye nyumba ya mwalimu. Mke wake ndiye aliyefungua, mwanamke mnene mwenye kanga begani. Alipoona kitambulisho cha polisi alishika mlango kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Nilijua mtakuja. Naomba tu umngoje amalize kuvaa."

Sebuleni kulikuwa na kompyuta ndogo, imewekwa juu ya kitambaa cha kufumwa. Mzee akatoka chumbani. Shati lilikuwa limepigwa pasi, viatu viking'aa, kalamu mfukoni. Akampa Inspekta mkono kwa heshima.

"Wewe ndiye mgeni kutoka idara ya wauguzi? Subiri kidogo, nina zamu." Kisha akamgeukia mkewe. "Dada, mashine iko tayari?"

Inspekta alilisikia lile neno dada. Mama naye aliona kwamba amelisikia. Wakaingia jikoni wao wawili.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka wa pili huu. Alianza kwa kusahau miadi. Halafu njia ya nyumbani. Halafu mimi." Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia siku nyingi. "Zamani alikuwa anaingia mwenyewe kuichungulia seva yake, kwa hamu tu. Alipolisahau neno la siri la kufungulia ufunguo wake, akawa anakaa pale mbele anatetemeka. Nikaanza kumwandikia mimi. Akishaingia tu, mikono inakumbuka. Saa moja kila siku, mume wangu anakuwa mume wangu. Ananieleza anachofanya, anatania, anaimba. Ikiisha saa hiyo, anaondoka tena."

"Ulijua ni kosa?"

"Nilijua. Mtu ameshastaafu, ile seva si yake. Lakini ningefanyaje? Mimi ndiye nimeiba, mwanangu. Nimeiba ile saa moja. Mkitaka mtu wa kufunga, yeye mwacheni, nichukueni mimi."

"Na neno la siri ulilijuaje?"

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni jina alilokuwa ananiita enzi za uchumba. Sitakuambia, nitaona haya."

Inspekta alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji. Akafikiria ile Jumanne. Mzee alikuwa kazini, makini, akikagua funguo moja moja. Akakuta jina la mtu aliyestaafu. Akafanya anachopaswa kufanya msimamizi mwema. Hakumtambua yule mtu.

Mchana, binti naye alikiri.

"Miaka mitatu naona alama za mikono yake, afande. Asubuhi nakuta takataka zimefutwa, kasoro ndogo zimerekebishwa. Nilidhani ana hamu ya kazi, nikauacha ufunguo wake. Jumanne ndiyo nimejua anaumwa. Nilifuta ule mstari wa kumbukumbu, ulioonyesha kwamba ni ufunguo wake ulioingia, ili asiandamwe na polisi. Yule ni baba yangu wa kazi. Sikuzaliwa naye, lakini kila ninachojua kimetoka kwake."

"Na yule mama aliyekuwa anangoja damu?"

Binti akainamisha kichwa. "Namwota."

"Vizuri. Endelea kumwota."

Inspekta aliandika ripoti yote kama ilivyokuwa, hakuficha neno. Akampelekea mkurugenzi kwa mkono wake, akakaa mbele yake mpaka aimalize. Mkurugenzi alivua miwani. Mashtaka aliyaondoa. Binti alipewa onyo kali la maandishi na kurudishwa kazini. Ufunguo wa mstari wa tisa ulifutwa siku hiyo hiyo, na safari hii mlango ulijaribiwa.

Jumamosi binti alijenga seva nyingine, ndogo, ya mfumo ule ule wa Linux unaoendesha seva ya hospitali. Aliipa diski inayojaa takataka taratibu, nakala rudufu za kujaribiwa na wagonjwa wa kubuni ambao hawawezi kudhurika. Kitu kimoja zaidi alikiongeza kwenye orodha ya funguo.

Jumatatu saa tatu, sebuleni kwa mzee, mama aliandika jina lake la uchumba, na mzee akaingia. Binti na Inspekta walisimama nyuma yake. Akakagua diski, akayacheka mafaili ya watu wazembe. Akaweka amri yake ya kungoja. Akafungua orodha, akateremka mpaka mstari wa tisa, akasimama.

Pembeni palikuwa pameandikwa: "Huyu ni wetu. Asifutwe."

"Huyu ni nani?" mzee aliuliza.

Mama ndiye aliyeinama begani kwa mumewe.

"Mtu wa hapa hapa," alisema. "Wa siku nyingi."

Mzee akafikiri, kidole juu ya kitufe.

"Kama bado mnamhitaji," alisema, "basi abaki." Akateremka hadi mstari wa kumi.