Mpinzani wa Maribeth

Desmond Tvedt alimwagiwa supu kifuani kwenye mkahawa wa Bunge la jimbo, mjini Saint Paul, saa ya mlo wa mchana, watu wamejaa pomoni. Aliyemmwagia alikuwa Maribeth Okerlund, mbunge mpya wa chama chake cha Democratic, ndani ya koti jekundu la sufu. Alimpangusa huku akicheka, na theluji ilipoyeyuka walikuwa wachumba.

Kisha akaja Clayton Rusk, mbunge wa Republican, mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza. Yeye na Maribeth walikuwa wakiandaa pamoja mswada wa magari ya wagonjwa vijijini, na alikuwa akimpigia Maribeth simu hata wakati wa chakula.

"Siku hizi sijui nikuulize habari za mpinzani au za mpenzi," Desmond alisema.

"Dezi wangu, una wivu."

"Kwa yule? Hata kidogo."

Lakini wivu ulikuwa umemjaa. Kazi yake ilikuwa kuandika matangazo ya chama, na alipotakiwa kumponda Clayton aliandika kwa raha kwamba jamaa huyo amewatelekeza wagonjwa wa kwao. Alijua ni uongo.

Tangazo lilipotoka, Warepublican walimtaka Clayton aache kushirikiana na chama kilichomchafua, ajitoe kwenye mswada. Maribeth akasimama bungeni, wenzake wa chama wakimzomea, akasema mheshimiwa Rusk amesingiziwa, na waliomsingizia ni watu wa chama chake yeye Maribeth. Kutoka viti vya wageni, Desmond alimwona Clayton akiinamisha kichwa kumshukuru. Aibu ilimshika, lakini wivu ulimuuma zaidi.

Maribeth, aliyejua ni nani huandika matangazo ya chama, hakupokea simu za Desmond tena. Mwishowe Desmond alikwenda kwa Clayton, akakiri kwamba ndiye aliyeandika.

"Ulidhani namtaka?" Clayton aliuliza.

"Ndiyo."

"Nilimtaka, na nilimwambia. Akanijibu ana mtu wake, tukarudi kwenye mswada."

Desmond alikiri hadharani, akafukuzwa kazi. Mswada ulipita kwa kura za pande zote mbili, na jioni ile Maribeth akapiga simu.

"Hukuniambia kwamba alikutaka," Desmond alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningemchukia."

"Ulimchukia hata hivyo. Na kesho nakaa naye tena, kuna mswada wa shule. Utaweza?"

Moyo wa Desmond ulikuwa unamuuma vilevile.

"Nitaumia," alisema. "Lakini sitamzulia tena."

"Basi njoo nyumbani, laazizi. Chakula kinapoa."