Shimo Lisilo na Kadi

Haya alinisimulia Sada binti Bakary mwaka themanini na mbili, tukiwa kwenye foleni ya sabuni. Mengi aliyaona kwa macho yake, maana alikuwa karani wa ofisi ya kutafuta madini huko Kilwa; mengine aliambiwa.

Mwaka sabini na nne, soko la Kilwa Masoko limejaa watu, Fakihi wa ofisi hiyo alipita na daftari kubwa kichwani, suruali ya kaki imeingia vumbi jeupe. Mwahija, muuza samaki wakavu, kajifunga kanga ya manjano, akamtania:

"Kaka, hilo gogo unauza?"

"Si gogo, dada. Tunatafuta jasi, yale mawe ya saruji. Kila shimo lina ukurasa, kila futi ya kwenda chini ina mstari."

Mwahija akalifunua daftari. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kurasa kumi ndipo jasi ikatokea mara moja.

"Makubwa! Mimi siandiki samaki nisiokuwa nao. Chukua kadi. Penye jasi andika safu ya mashimo, namba ya shimo na kina. Pasipo na kitu, usiandike. Halafu zitie mafungu, mashimo jirani fungu moja, kila karani achukue lake. Daftari moja mtagombania mpaka lini?"

Wiki ya pili Mwahija akaitwa ofisini, akapewa kazi na meza. Makarani wanne, mafungu manne, kazi ya mwezi ikawa ya wiki. Na Fakihi haishi kupita mezani kwake.

Kisha Fakihi akapelekwa kambi ya Kitomanga kuchimba.

"Utaniandikia?" Mwahija akamwuliza.

"Nikipata cha kuandika, mpenzi."

Wakacheka.

Kadi zikaja, fungu la kwanza, la pili, la tatu. Barua hakuna. Fungu la nne halikuja kabisa. Mkuu wao, Mzee Valentini, akasema, "Hakuna kadi, hakuna jasi. Iliyopo imeishia hapo, kambi ifungwe." Mwahija atapinga nini, na kanuni ni yake? Hakuna barua, hakuna mapenzi. Mama yake alikuwa na posa ya Yahya mwenye duka, Ijumaa atajibu.

"Mjibu utakavyo, mama," alisema, wala hajui analia nini.

Alhamisi simu ikalia. Sada akampa Mwahija; ni Fakihi, kutoka kambini.

"Mwahija! Nani kasema fungu la nne halina jasi?"

"Wewe. Hukuleta kadi."

"Hatujachimba! Mvua imejaza mashimo!"

Mwahija akazitazama kadi kama anaziona leo. Shimo tupu na shimo lisilochimbwa, yeye aliyafanya kitu kimoja.

"Na mimi, sikustahili hata mstari?"

"Bibie, posa haiandikwi kwenye kadi, hupelekwa na mtu mzima. Mjomba wangu kahamishiwa kijiji cha ujamaa, nimemtafuta mpaka juzi. Yuko njiani."

"Mama anajibu kesho!"

"Mwambie bado hatujafika chini."

"Mwehu wewe!"

Mwahija akamwambia Mzee Valentini kila fungu liwe na kadi ya juu, itaje mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Kambi ikasalimika. Nyumbani mama akashika kiuno: "Jana nijibu nitakavyo, leo ningoje. Umechanganyikiwa?"

"Ndiyo, mama."

Ijumaa baada ya swala mjomba akafika, miguu imevimba, akataja jina la Fakihi kabla ya kunywa maji. Mama akamgeukia binti. Mwahija akainama, kimya. Kwetu mwali akinyamaza amekubali, lakini mama hakuamini tena vya kudhania.

"Kimya hiki ni cha hapana, au cha bado?"

"Cha ndiyo, mama."

Mjomba akacheka, akala, akalala palepale mkekani. Mama akasinzia kitini. Mwahija akatoa kadi moja tupu, akaandika jina la Fakihi, akailaza kifuani, naye akapitiwa na usingizi.